Jina la unga wangu: barua ya wazi kutoka Soko la Mlandege

Kwa Afisa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA);

na kwa Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Iringa.

YAH: OMBI LA MEZA YA USAJILI WA MAJINA YA BIASHARA NDANI YA SOKO LA MLANDEGE

Waheshimiwa,

Mimi ni mama muuza unga wa lishe wa Mlandege, Iringa. Nataja Iringa mapema kwa sababu iko Mlandege nyingine Unguja mjini, na wenzetu wa kule husajili biashara zao kwa wakala wao, BPRA, si kwenu. Ninayoiandikia barua hii ni Mlandege ya nyanda za juu, ambako Juni na Julai tunapanga bidhaa vizimbani huku tumejifunga mablanketi, na uji wa moto unauzika kuliko soda.

Nilipoanza sikuwa na jina. Nilikuwa na ndoo mbili, kikombe cha kupimia na mfuko wa nailoni. Jina walinipa wateja. Mama mmoja wa Kihesa alikuwa akimtuma binti yake: nenda Mlandege kanunue unga kwa Mama, kisha anataja jina la mwanangu wa kwanza. Binti akifika sokoni anaulizia hivyohivyo, na wenzangu wanamwonyesha. Baada ya miaka michache ikawa mtu akitaja majina yale mawili, la mwanangu na la unga, hata makondakta wa daladala wanajua ni kizimba gani. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana barua hii haitafuti wateja.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu sheria yenu inaanzia kwingine. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ilitungwa mwaka 1930, enzi za Waingereza, kwa kufuata ile ya kwao ya mwaka 1916. Uingereza wakati ule ilikuwa vitani na Ujerumani, na watu waliogopa kwamba nyuma ya vibao vya maduka vyenye majina ya Kiingereza wamejificha wafanyabiashara wa Kijerumani. Ndipo ikaamriwa: anayefanya biashara kwa jina lake halisi, la kwake na la ukoo wake, aendelee, anayetumia jina lolote lingine alisajili, ili umma ujue ni nani aliye nyuma yake. Utaratibu huo ndio tulionao mpaka leo.

Sasa tazameni unavyoangukia Mlandege. Huku mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake. Kumwita mama mtu mzima kwa jina lake la ubatizo mbele za watu ni kumvunjia heshima. Anaitwa Mama Fulani, na ndivyo atakavyoitwa kanisani, msikitini, kwenye kikoba na sokoni. Kwa hiyo jina linalonificha ni hilo lililoko kwenye kitambulisho changu cha NIDA, ambalo sokoni hawalijui watu watano. Jina ambalo sheria inaliona ni la kujipachika ndilo linalonitambulisha. Mwanamume muuza viatu anaweza kuandika ubaoni jina lake na la babaye akawa amemaliza. Sisi akina mama, kwa desturi yetu wenyewe, karibu sote tunafanya biashara kwa majina ambayo sheria inataka yasajiliwe. Usajili huu unatuhusu sisi kuliko wengine, na ndio unaotufikia kwa shida zaidi.

Sisemi haya kwa kuupinga. Uingereza wenyewe waliifuta rejista yao mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakabakiza sharti la mwenye biashara kuonyesha jina lake halisi dukani na kwenye karatasi zake. Mimi siombi yetu ifutwe. Nataka niwemo, tena kwa usahihi. Na ninakiri wazi kwamba mmefanya kazi kubwa: kabla ya usajili wa mtandaoni, mtu wa Iringa aliyetaka kusajili jina alilazimika kuwaza Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 500. Mfumo wa mtandao uliondoa safari hiyo. Ada nayo haimtishi mwenye kizimba: Sh 15,000 za usajili na Sh 5,000 za mwaka za kutunza jalada. Shilingi 20,000 ninazipata. Kilichonikwamisha hakikuwa fedha.

Nieleze yaliyonipata. Sikuwa na kompyuta, sikuwa na baruapepe, na simu yangu ilikuwa ya vitufe. Nikafanya wanavyofanya wote hapa: nikaenda stesheneri. Kijana alikuwa mstaarabu, akanivutia kiti. Nikampa namba ya NIDA, nikamtajia jina la biashara, akaanza kuandika. Mfumo ulipodai baruapepe akaweka ya kwake. Ulipodai namba ya simu ya kupokea ujumbe akaweka ya kwake pia, akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, ikija nitakupigia." Neno la siri alilitunga mwenyewe. Nikalipa ada ya serikali, nikampa na chake, nikarudi kizimbani nina furaha kama niliyepata mtoto.

Siku chache baadaye alinipigia kweli. Akanichapia cheti, nikakitia kwenye fremu ya kioo, nikakitundika ukutani. Sikukisoma herufi kwa herufi. Nani hukisoma cheti chake namna hiyo? Aliyeligundua kosa ni mwanangu, aliporudi likizo kutoka shuleni. Palipotakiwa L pameandikwa R. Kijana yule alisikia nilivyotamka, au aliandika anavyotamka yeye. Kwetu huku L na R ni ndugu wa tumbo moja, hatugombani kwa ajili yao. Lakini benki inagombana. Nilipokwenda kufungua akaunti ya biashara, jina la kwenye cheti likawa moja na la kwenye mhuri na mifuko yangu likawa jingine, nikaambiwa nirudi nikarekebishe kwanza.

Nikarudi stesheneri, nikakuta inauza vifaa vya simu. Kijana amehamia Makambako. Namba yake haipatikani. Na akaunti ya mtandaoni ya biashara yangu, yenye jina langu, NIDA yangu na fedha yangu, mlango wake unafunguliwa kwa baruapepe ya mtu ambaye simjui hata ukoo. Alichokuwa akifanya ni kunisaidia, simtuhumu kwa wizi. Lakini nimekaa na swali hili usiku mwingi: kama sheria ilitungwa ili ijulikane ni nani aliye nyuma ya jina, mtu anayeweza kuingia katika jalada langu leo ni nani?

Nilipoanza kuulizia hapa sokoni nikaona siko peke yangu. Fundi cherehani ana cheti ambacho hajawahi kukiona, anajua tu kwamba alilipia. Muuza mitumba ana karatasi yenye namba ya simu iliyokufa. Mama lishe wa upande wa stendi alisajiliwa na mpwa wake, wakagombana kwa mambo ya shamba, na mpwa akaondoka na neno la siri. Kila mmoja anasimulia yake kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu yake.

Huenda mkajiuliza, herufi moja kwenye mfuko wa unga ina uzito gani. Waheshimiwa, huu ni mkoa wa Iringa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulituonyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati kwa taifa zima ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine mahindi. Mama anaponunua unga wa kumkorogea mtoto uji, ana haki ya kujua umesagwa na nani na nafaka ilikaushwa wapi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo mimi sinunui mahindi yaliyokaushwa ardhini hata yakiwa nusu bei. Mteja wangu hana maabara. Alichonacho ni jina lililoko kwenye mfuko. Unga ukimdhuru mtoto, jina hilo ndilo litakalowafikisha kwangu, na ninataka wanifikie mimi, wasiishie kwa kijana wa Makambako.

Ndiyo sababu nimefuata njia ndefu. Nilikwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikaelezwa jinsi mjasiriamali mdogo anavyopewa barua ya utambulisho ili TBS, shirika la viwango, wapime bidhaa yake. Kila hatua inauliza jina. Lipa Namba nayo ina jina: mteja anapoingiza tarakimu, simu humwonyesha anayelipwa kabla hajaweka namba yake ya siri. Akiona jina asilolifahamu anasita, anarudisha simu mfukoni, na siku hizi za matapeli ana haki ya kusita. Nimepoteza wateja wawili namna hiyo kwa asubuhi moja, huku wamesimama mbele yangu wananitazama usoni.

Kuna mambo mengine ambayo sikuyajua mpaka niliposumbuka, na ninaamini wengi hawayajui. Nilidhani kusajili jina ni kuanzisha kampuni. Si hivyo. Jina la biashara halina mwili wake. Mimi na jina langu ni kitu kimoja mbele ya sheria, na deni la unga linaweza kufuata nyumba yangu. Nilidhani cheti kile kinamzuia mtu kubandika jina langu kwenye mifuko yake. Kumbe kinga ya kweli ya jina lililo juu ya bidhaa ni alama ya biashara, ambayo ina sheria yake ya mwaka 1986, nayo pia husajiliwa kwenu; hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na nilidhani nikishalipa nimelipa. Ile Sh 5,000 ya kila mwaka nilikuja kuisikia deni likiwa limeshalimbikizana, maana ujumbe wa kukumbusha, kama ulitumwa, ulikwenda kwenye simu isiyo yangu.

Hakuna aliyenificha haya. Yameandikwa. Lakini yameandikwa mahali ambapo muuza nyanya hapiti.

Naja kwenye ombi.

Kila Agosti, wakati wa Nanenane, mnaweka banda pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mnasajili watu papo kwa papo. Nimesikia kwa waliokwenda: mtu anakaa mbele ya ofisa, anaulizwa kwa Kiswahili, anasomewa, anaondoka na cheti chake. Huduma hiyo ndiyo ninayoiomba. Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na Agosti ni mwezi wa kukusanya mahindi makavu. Anayeacha kizimba siku tatu anarudi kukuta wateja wamehama. Leteni meza ile Mlandege. Meza moja, kompyuta moja, ofisa mmoja, siku mbili kwa mwezi, siku zinazojulikana na kubandikwa mlangoni mwa soko. Kama BRELA hamna mtu wa kumweka Iringa kila mara, Manispaa ina maofisa biashara ambao tayari wanatoa leseni zetu kupitia mfumo wa TAUSI. Wapeni mafunzo na idhini. Ofisi mbili za serikali moja hazishindwi kukaa kwenye meza moja.

Wala msiseme soko halifikiki. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kila mkoa ulipewa 25,000, na vilitufikia vizimbani. Wakuu wa wilaya walikuja, watendaji wa kata walikuja, wengine walirudi mara tatu mpaka tukanunua. Serikali iliyokuja hadi kizimbani kuchukua Sh 20,000 inaijua njia ya kuja kizimbani kusajili jina kwa Sh 20,000 hizohizo.

Ofisa akishakaa, kuna jambo moja ambalo ningependa liwe amri: kabla hajabonyeza kutuma, amgeuzie mwenyewe skrini, alisome jina kwa sauti herufi kwa herufi, na mwenye jina aseme ndiyo. Asiyejua kusoma aje na mtu wake. Namba ya simu iwe ya mwenye biashara, hata kama ni ya simu ya vitufe, na kikumbusho cha ada ya mwaka kije kwa ujumbe mfupi kwenye namba hiyo. Dakika mbili hizo zingenitosha mimi kuokoa miaka miwili.

Kwa waliokwisha kupotelewa na akaunti zao kama mimi, tengenezeni njia ya kuzirudisha ana kwa ana. Alama za vidole vyangu serikali inazo tangu nilipojiandikisha NIDA. Laini ya simu ninaisajili kwa kidole pale barabarani, chini ya mwavuli wa wakala. Kwa nini jalada la biashara yangu nisilirudishe kwa kidole hichohicho mbele ya ofisa wa serikali?

Na ninalo moja ambalo wengine huenda wakaliona geni. Ndoa, kwa sheria ya mwaka 1971, hutangazwa siku 21 kabla ya kufungwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Majina ya biashara za sokoni nayo yatangazwe hapahapa sokoni, japo siku 7, kwenye ubao wa ofisi ya soko, kabla hayajapewa mtu. Mashine yenu inaweza kulinganisha jina na yaliyomo kwenye rejista. Haiwezi kujua jina ambalo limetumika miaka 15 bila kuandikwa popote. Mlandege tunalijua. Bibi anayeuza dagaa mlango wa chini hajasajili, na pengine hatasajili, lakini akija kijana mwenye simu nzuri akaliwahi jina la bibi, soko zima litasimama kusema hapana, mradi liwe limeulizwa. Leo haliulizwi. Anayewahi ndiye mwenye jina. Kwa mwenye kompyuta mezani hilo ni haki; kwa bibi wa dagaa ni kunyang'anywa akiwa hai.

Najua wako watakaosema wauzaji wengine ni wadogo mno, mauzo yao kwa mwaka hayafiki hata Sh milioni 4 ambazo mtu huanza kutozwa kodi, kwa hiyo waachwe. Mimi nilikuwa mdogo kiasi hicho. Nilipokuwa mdogo ndipo jina lilipojengeka. Kumwambia mtu asubiri akue ndipo alilinde jina lake ni kumwambia ajenge nyumba, hati ataitafuta akishahamia. Na hofu ya kwamba meza ile itakuwa mtego wa kodi ipo, nisiwafiche; wenzangu watauliza. Basi ofisa aseme wazi siku ya kwanza ni taarifa gani zinakwenda Mamlaka ya Mapato na zipi haziendi. Watu wa Mlandege wakiambiwa ukweli wanalipa.

Mkurugenzi wa Manispaa, kwako wewe ombi ni jepesi zaidi, kwa kuwa soko ni lako. Nafasi ya meza ipo. Ushuru wa soko tunalipa, na mkusanya ushuru anatufahamu kwa yale majina yetu ya Mama Fulani. Daftari lake peke yake lingetosha kuwa mwanzo wa orodha ya majina yanayotumika Mlandege. Mpe ofisa biashara wako siku hizo mbili za mwezi, umpunguzie safari za ukaguzi. Akikaa mezani sokoni ataona mengi kuliko anayoyaona akipita na askari wa mgambo.

Na kwako Afisa Mtendaji Mkuu: cheti changu bado kipo ukutani. Sheria inataka kionekane mahali pa biashara, na mimi natii. Kila asubuhi ninakifuta vumbi la unga, na kila asubuhi naiona ile R. Wateja nao wanaiona. Wengine wameanza kuniuliza kama mimi ndiye mwenyewe au nimeuziwa kizimba.

Naomba meza hiyo iwe imefika kabla ya msimu ujao wa baridi, wakati uji unapouzika. Mkifika, ulizeni tu kwa Mama muuza unga wa lishe. Mtaonyeshwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza unga wa lishe,
Soko la Mlandege, Iringa.